Mnadi wa Nyumba ya Mama

Nilitaka mnadi mbovu. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili nisije nikaonekana mnafiki baadaye. Kati ya sisi watatu tuliokuwa tunauza nyumba ya mama yetu pale Newala, mimi peke yangu nilikuwa nauza na kununua kwa wakati mmoja, na mtu anayetaka kununua hana haja na mnadi hodari. Ndugu zangu walilijua hilo. Kaka yangu Fakihi, kila nilipofungua mdomo, alinitazama kama mtu anayemtazama kuku aliyesogelea mpunga ulioanikwa.

Nyumba yenyewe iko kwenye barabara ya stendi: vyumba vinne, baraza pana, bati lililoanza kushika kutu, na uani tangi la maji ya mvua ambalo mama alilijenga kidogo kidogo kwa pesa za korosho. Anayeishi Newala hahitaji kuelezwa tangi lina maana gani ikifika mwezi wa kumi. Pale barazani nimeuza chai na maandazi tangu mwanangu Hamudi yuko mgongoni, na sasa Hamudi ananyoa ndevu. Mama, Bi Stamili, aliugulia chumba cha mbele, nikamuuguza mimi, na humo humo akakata roho. Naipenda ile nyumba kuliko nilivyompenda baba yake Hamudi, na yeye mwenyewe alilijua hilo kabla hajaondoka.

Mtu atauliza kwa nini ndugu zangu hawakuniuzia mimi tu yakaisha. Tulijaribu. Tulipokaa mara ya kwanza nilitaja bei, Fakihi akacheka mpaka akapaliwa. Tulipokaa mara ya pili akataja yeye, nikanuna, nikawanyima chai. Mwishowe Fakihi akasema kwamba ndugu wakipangiana bei, lazima mmoja atajiona ameibiwa hadi siku anaingia kaburini, kwa hiyo nyumba ipigwe mnada, bei itoke kwa watu baki, na mimi kama naitaka nisimame na wenzangu nitaje pesa yangu. Wajomba wakaridhika, mtendaji wa mtaa akaridhika, na sisi wenyewe tukakubaliana kwamba bei ya mwisho haipiti mpaka wote watatu tuseme ndiyo, na anayenunua, hata akiwa mimi, anaweka pesa yote mezani siku hiyo hiyo ndipo igawanywe.

Haja zao nilizijua. Fakihi anaishi Masasi, na nyumba yake ilifika usawa wa lenta ikasimama, majani yakaota sebuleni. Huyo sikumhurumia sana, maana ana lori. Aliyenikosesha usingizi ni mdogo wetu Sikuzani, aliyeko Chiwata. Mumewe alifariki, na shamba la mikorosho analolima ni la mtu. Mwenye shamba analiuza, na alimwahidi Sikuzani kumsubiri mpaka msimu wa korosho uishe. Akilichukua mwingine, Sikuzani anatoka pale na jembe lake begani. Yote hayo nilikuwa nayajua, na bado nilitaka nyumba.

Kilichobaki kilikuwa kumpata mnadi, na naye alitakiwa akubaliwe na watatu. Hapo ndipo tulipoanza kuoneshana meno.

Wa kwanza aliletwa na Fakihi. Anaitwa Oscar, dalali wa Masasi mwenye leseni, tai na gari lenye spika juu. Fakihi alituita Masasi tukamwone akiwa kazini, na kwa kuwa nauli ilikuwa yake tulikwenda. Tulimkuta ananadi friji bovu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Hakuficha kwamba ni bovu. Aliufungua mlango wake, akaugonga, akauliza watu ni kabati gani la mbao ambalo panya wa Masasi halitoboi, na ni mama gani asiyetaka pa kufungia vitenge vyake. Dakika chache baadaye wanawake wawili walikuwa wanapandishiana bei huku wamekunja sura, na bwana mmoja aliyekuja kununua baiskeli naye akaingia. Fakihi alinigeukia anatabasamu. Mimi nikaiona nyumba ya mama ikipaa juu mbinguni na mimi nimebaki chini nimeshika ndoo.

Nikasema huyu simtaki. Nilisema ni mgeni, haijui Newala, na ujira wake ni mkubwa, na atatujazia matajiri wa Masasi barazani kwetu. Fakihi akaniambia kwamba hilo la matajiri ndilo hasa analolitafuta. Nikamjibu kwamba kura ni tatu na yangu nimeshaipiga.

Wa pili alikuwa wa Sikuzani. Twahiru ananadi mitumba pale soko la Newala, na ananadi kwa kuimba. Jina la mteja analitia kwenye wimbo, na la mume wake, na la mawifi zake wanaomsema vibaya, mpaka mteja anaona haya kuondoka mikono mitupu. Ndiye aliyeniuzia koti. Ni koti zito, lina manyoya shingoni, limetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoishi kwenye barafu, na nililinunua wakati wa jua la kupasua mawe na mpaka leo sijui lilinipitiaje. Hamudi huliita baba wa kambo. Sasa mtu aliyeniuzia mimi koti lile, akipewa nyumba yenye tangi, mimi nitaponea wapi?

Nilimwambia Sikuzani kwa sauti ya huzuni kwamba nyumba aliyofia mama haiwezi kunadiwa na mtu ambaye asubuhi ya siku hiyo alikuwa anapunga sidiria juu ya meza. Sikuzani ni mwepesi wa kuona aibu. Alifunika mdomo, akacheka, kisha akasema kweli dada, haipendezi. Nikajiona fundi.

Ndipo nikamleta wangu.

Mzee Barnaba alikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho miaka mingi kabla ya kustaafu. Siku za mnada wa korosho ndiye aliyekaa mezani, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima, naye akasoma bei za wanunuzi mmoja baada ya mwingine. Alizisoma kwa sauti ile ile, bei nzuri na bei ya matusi, kama anayesoma tangazo la kikao. Baada ya kustaafu alikata leseni ya udalali, akawa ananadi pikipiki chakavu na mabati ya magodauni. Sifa yake ilikuwa moja tu: haongezi neno. Hasifii kitu, haimbi, hafanyi mzaha. Nilishamwona akinadi ng'ombe mzima kwa muda ambao Twahiru anauzia soksi, ng'ombe akaenda kwa bei ya chini na kila mtu akarudi nyumbani ametulia. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Nilijiandaa kwa vita, lakini Fakihi alinishangaza. Alikuna kidevu akasema Barnaba ni sawa. Akaeleza kwamba wenye pesa hawaendi kwenye mnada wanaoushuku umepangwa na ndugu, na kwa kuwa dada mtu mwenyewe yuko kwenye kununua, kila mtu atashuku, ila wakisikia ni Barnaba watakuja. Sikuzani akasema mama alikuwa anamheshimu sana. Tulikubaliana kabla chai haijapoa, wote watatu, kila mmoja na lake. Nilikwenda jikoni kama nafuata sukari, nikacheza peke yangu mbele ya masufuria.

Nilikwenda mwenyewe kumwomba. Nilimkuta anachambua mbegu za choroko ukumbini, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nilimweleza kila kitu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasogeza ungo pembeni, akaniuliza:

"Mama Hamudi, siku hiyo wewe utakuwa unauza au unanunua?"

"Vyote viwili, mzee."

"Haiwezekani. Ukikaa benchi la wenye mali, husemi bei. Ukisimama na wanunuzi, husemi kitu juu ya kuuza. Ukishindwa kununua ndipo utarudi benchi la wenzako, na neno lako litarudi. Chagua sasa hivi, nisije nikagombana na wewe mbele za watu."

Nikamwambia nitasimama na wanunuzi. Akarudisha ungo mapajani. Nilitoka pale nimefurahi kiasi kwamba nilimsalimia hata jirani ninayegombana naye juu ya mfereji.

Pesa yangu niliikusanya kwa jasho. Kikoba chetu kilinipa cha kunipa, niliuza mbuzi wote, Hamudi akatuma alichotuma kutoka Mtwara. Mwisho wangu ulikuwa milioni kumi na nane, na nilihesabu kwamba kwa sauti ya Barnaba, nyumba isingefika hata kumi na sita.

Sikuzani alikuja jioni ya kuamkia mnada na gunia dogo la ming'oko, mizizi ile ya porini. Tuliichemsha, tukala, tukamsema Fakihi. Akaniambia mwenye shamba alimuuliza tena. Alilisema mara moja tu, kisha akahamia kwenye habari za nyani wanaomsumbua, na mimi nikamshukuru Mungu kwa nyani.

Siku ya mnada nilikaanga maandazi kwa mazoea, nikayaunguza nusu. Watu walianza kuja mapema. Msimu ulikuwa ukingoni, korosho za mwisho zimeshauzwa, kila mtu alikuwa na pesa kidogo na nafasi nyingi, na mnada wa nyumba Newala si jambo la kila juma. Walipoona meza ya Mzee Barnaba imewekwa mbele ya baraza, na Mzee Barnaba mwenyewe anafuta miwani yake, wakaketi chini mistari mistari, wanaume upande huu, wanawake upande ule, vile vile wanavyoketi kwenye uwanja wa chama cha msingi. Hakuna aliyewaambia. Na mimi sikuona ajabu, maana hata mimi nina mikorosho yangu na nimeketi hivyo maisha yangu yote.

Fakihi na Sikuzani walikaa kwenye benchi, karibu na mtendaji. Mimi nilisimama na wanunuzi chini ya upenu. Tulikuwa wachache. Kulikuwa na mwalimu mmoja, na mwenye duka la dawa, na Bwana Kasiani kutoka Masasi, mfupi, nadhifu, mwenye nyumba za wageni mbili na anayetafuta ya tatu. Nilimwona akizunguka uani, akafunua mfuniko wa tangi, akatumbukiza kijiti kupima kina. Nilitamani nimsukume atumbukie.

Mzee Barnaba akasoma masharti. Akasema nyumba ni ya vyumba vinne na tangi moja. Hakusema tangi hilo limechimbwa kina gani wala kwamba bati ni geji nzito. Hakusema baraza linapata wapita njia kuanzia alfajiri. Nilisikiliza ukimya wake kama muziki.

Kasiani alianza na kumi na mbili. Mwalimu akaongeza kidogo, mwenye duka la dawa akaongeza kidogo, mwalimu akarudi nyuma akakunja mikono. Kasiani akasema kumi na tatu na nusu. Nikasema kumi na nne.

Mzee Barnaba akarudia: kumi na nne. Kisha akanyamaza. Kama ni Oscar angekuwa keshamshika Kasiani bega, kama ni Twahiru angekuwa keshamtungia beti. Barnaba alipanga karatasi zake. Mwenye duka la dawa alitazama saa. Kasiani alikuwa anaongea pembeni na dereva wake, nadhani alingoja kusikia nani ataongeza, na hakuna aliyemkumbusha kwamba mnada unaendelea. Kumi na nne! Ningebakiwa hata na pesa ya kubadilisha bati.

"Mara ya kwanza," akasema Mzee Barnaba.

Niliuma khanga.

"Mara ya pili."

Hapo akainua uso, akawatazama watu walioketi mistari mistari mbele yake. Miaka yote aliyokaa kwenye meza ile, bei ya juu ikishasomwa, katibu hana ruhusa ya kufunga kabla hajawauliza wenye korosho swali moja. Sasa meza ilikuwa mbele yake, na wakulima walikuwa mbele yake, na ulimi wake ukaenda wenyewe.

"Wakulima," akasema, "tunauza hatuuzi?"

"Hatuuzi!"

Ilikuwa sauti moja, nzito, iliyowafanya kuku wa jirani waruke. Watu waliitikia kabla hawajafikiri, kama msikitini inavyoitikiwa amina. Fakihi aliitikia, mtendaji aliitikia, mama muuza mihogo aliyekuwa anapita tu aliitikia. Na mimi nilikuwemo. Nisiseme uongo, nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti zaidi, kwa sababu tangu nimepata akili sijawahi kuikubali bei ya kwanza ya mnada wowote. Niliikataa bei yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, mkono nimeunyoosha juu.

Halafu watu wakaelewa, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wengine wakalala chini. Niliruka mbele ya meza, nikamwambia Mzee Barnaba nyumba siyo korosho, amalizie mara ya tatu. Alikuwa amevua miwani na uso umemshuka. Akasema kweli amekosea, ulimi umemponyoka. Lakini mtendaji naye akasema bei iliyokataliwa hadharani hawezi kuiona ikipita, kesho ataambiwa nini. Fakihi alikuwa amesimama juu ya benchi. Nikaendelea kubishana, mpaka mama mmoja wa kikoba chetu, ambaye nilimtegemea, akasema kwa upole:

"Lakini Mama Hamudi, na wewe umekataa. Tumekusikia."

Mzee Barnaba akavaa miwani, akasema bei iko wazi.

Sasa Kasiani alikuwa ameamka. Alimfukuza dereva, akakunja mikono ya shati, akasema kumi na tano. Nikasema kumi na tano na nusu. Kumi na sita. Kumi na sita na nusu. Mwenye duka la dawa akaondoka kabisa, akaenda kukaa na watazamaji. Kila nilipotaja, upande wa wanawake ulipiga vigelegele, na mimi nikawa kama nimepanda gari lisilo na breki, naogopa na bado nataka liende. Kumi na saba. Kumi na saba na nusu. Nikasema kumi na nane, na baada ya hapo sikuwa na kitu, hata ya kununulia unga wa kesho.

Kasiani alinitazama. Nafikiri aliona. Akasema kumi na tisa, taratibu, kama anayeomba radhi.

Mzee Barnaba akanisubiri, na katika mnada ule wote hilo ndilo nitakalomshukuru kwalo, alinisubiri muda mrefu. Nikatikisa kichwa. Akasema mara ya kwanza.

"Hatuuzi," akasema mtu kutoka nyuma. Hakuulizwa.

Wengine wakadakia. Wote hawa wamekunywa chai barazani kwangu, wengine kwa mkopo, na sasa waliona njia ya kunisaidia: bei ya mgeni ikataliwe kama bei ya korosho inavyokataliwa, mgeni aende zake, Mama Hamudi abaki. Wakapiga hatuuzi mpaka upenu ukatetemeka. Lakini Kasiani ni mfanyabiashara. Aliposikia hatuuzi alielewa kitu kimoja tu, kwamba pesa haijatosha. Akasema ishirini.

"Hatuuzi!"

Ishirini na moja.

Nikawapungia mikono yote miwili wanyamaze. Wakadhani nawatia moyo. Walisimama sasa, wanaume kwa wanawake, vumbi limepanda, na kila walivyonitetea ndivyo walivyoipeleka nyumba mbali nami. Oscar na friji lake asingeweza kufanya vile. Ishirini na mbili. Fakihi alikuwa ameshika kichwa kwa furaha. Hata mimi, jamani, hata mimi niliyekuwa napoteza, kuna mahali ndani yangu palikuwa panaruka ruka, maana ilikuwa nyumba ya mama yangu ile, na mji mzima ulikuwa unasema pesa haijafika thamani yake.

Kasiani alifika ishirini na nne akafuta jasho. Akasema hiyo ndiyo ya mwisho, wakisema hatuuzi tena anapanda gari lake. Na alionekana hatanii.

Mzee Barnaba akasimama. Hakupaza sauti, aliinua kiganja tu, na watu wakaketi.

"Mmesema vya kutosha," akasema. "Nyumba ina wenyewe. Fakihi, tunauza hatuuzi?"

"Tunauza."

"Sikuzani?"

Sikuzani alisimama. Alikuwa na zile kandambili zake za shambani zenye udongo mwekundu pembeni. Akasema, "Muulizeni dada kwanza."

Mzee Barnaba akanigeukia. Akaniuliza kama bado nina bei ya kutaja. Nikasema sina. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye benchi, kama tulivyokubaliana kwake siku ile, nami nikavuka uwanja nikaenda kusimama kando ya mdogo wangu. Nilikuwa muuzaji tena. Akasema wote watatu wakikubali nyumba imeuzwa, mmoja akikataa yeye anakunja meza yake na hakuna mnada.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa mdomoni mwangu. Neno moja tu, na jioni ile ningelala chumba cha mbele kama kawaida, na kesho ningewasha moto barazani. Nyuma yangu watu walianza kuninong'onezea, kataa Mama Hamudi, kataa. Nilimtazama Sikuzani. Laiti angenitazama kwa jicho la kuomba ningekasirika, na mimi nikikasirika nakataa, ndivyo nilivyoumbwa. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama miguu yake, mikono ameifumbata tumboni, kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali na hataki kumsumbua daktari. Nikaona kwamba nikikataa hatalalamika. Atarudi Chiwata, atafunga jembe kwenye mzigo, na Idi ikija atanipigia simu kunisalimia kama kawaida.

"Tunauza," nikasema.

"Sijasikia, Mama Hamudi."

"Tunauza, mzee. Tunauza."

Sikuzani akasema lake kwa sauti ndogo, na Mzee Barnaba akagonga meza mara ya tatu. Baadaye akaanza mmoja kupiga makofi, wakafuata. Fakihi, yule wa kunicheka mpaka akapaliwa, alinikumbatia mbele ya mtendaji huku analia kama mtoto, akanitia kamasi begani. Mama wa kikoba alinilaumu kwamba wamenipigania bure. Kasiani alikuja kunipa mkono, akaniuliza kwa adabu nitahama lini, nikamwambia mwisho wa mwezi, na maji ya tangi asiyaguse kabla sijaondoka.

Nilikwenda uani nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nilikuwa na pesa ambazo sijawahi kuwa nazo maishani, zangu na fungu langu, na sikuwa na nyumba. Sikuzani akanifuata. Alisimama mbele yangu, akasema kwa haraka haraka, kama anayeogopa nitamkata, kwamba shamba lile upande mmoja lina mikorosho na upande wa pili ni mtupu kabisa, hauna mawe, na yeye peke yake halimalizi. Akasema nijenge pale, tukae wote.

Nilimwambia aniache kwanza nilie. Akaniacha. Nililia kweli kweli, nikamlilia mama, nikalililia baraza langu, nikalia kwa ajili ya kumi na nne ile niliyoikataa mwenyewe, na Sikuzani alikaa kando akifukuza inzi. Kisha, machozi hata hayajakauka, nikamuuliza shamba lenyewe liko barabarani au ndani.

"Barabarani," akasema. "Gari za Masasi zinapita mbele yake, na zinasimama."

Nikajifuta uso kwa khanga, nikamuuliza kwao mzigo wa kuni unauzwa shilingi ngapi.